Uliza Mwalimu wa Muziki: gita moja na flamingo wote wale

SWALI: Mwalimu habari yako, natumai uko salama huko Kisumu. Mimi ni kijana wa hapa Nakuru, Section 58, napiga gita ya nyuzi za nailoni, nilijifunzia nyumbani na kanisani, noti nasoma kidogo tu. Majuzi tuliangalia ile muvi ya kitambo, Out of Africa, na mamangu mdogo, na kuna pale jamaa anambeba yule mama na kandege kadogo, wanapita juu ya mbuga, juu ya wanyama, alafu wanafika kwa ziwa flamingo wanainuka wote, na baadaye yule mama ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka na jamaa anaushika. Mwalimu, hiyo kitu imekataa kutoka kichwani. Sisi wa Nakuru tumekua tukiambiwa flamingo ni wetu, na sai ukienda kwa ziwa sio vile wazee wanahadithia. Nataka kutunga kipande cha gita peke yake, bila kuimba, kutokana na hiyo sini. Nimejaribu kufuata muziki wao wa kwa muvi lakini kwa gita inatoka nyembamba, haina nguvu kabisa. Nianzie wapi? Nifuate sini dakika kwa dakika ama nifanyeje?
Mpiga gita, Section 58, Nakuru

JIBU: Salama sana kijana wangu, na asante kwa kuandika kwa urefu, manake hiyo sehemu ya mkono umeitaja mwisho kama kitu kidogo na mimi naona ndo kipande chako kiko hapo. Nitafika.

Kwanza tumalize hii ya kutoka nyembamba. Muziki wa ile muvi uliandikwa na John Barry, Mwingereza, na ulimpatia Oscar mwaka wa 1986. Aliuandika kwa orkestra nzima, na pale angani kazi kubwa inafanywa na vayolini nyingi zikivuta noti ndefu kwa pamoja. Sasa angalia tofauti: mtu wa vayolini yuko na upinde, anaweza kuanza noti ikiwa ndogo akaikuza ikajaa ukumbi mzima. Noti ya gita inaanza kufa pale tu kidole kinapoachia waya. Haikui, inapungua tu. Kwa hivo ukichukua melodi iliyotungwa kwa vitu vinavyokua ukaiweka kwa kitu kinachopungua, lazima itoke nyembamba, hata vidole viwe vya nani. Usijilaumu, na usiendelee kuifuata. Ile ni kazi ya Barry, na hata kisheria si yako, hapo chini kuna mwenzako wa Kakamega ameuliza kuhusu hayo.

Sasa zima sauti. Hii ndo ya kwanza kabisa na naomba usiiruke. Angalia hiyo sini ikiwa kimya kabisa, leo, kesho, kesho kutwa, mpaka ile orkestra ikutoke masikioni. Ukiangalia na sauti utakua unatunga kuhusu muziki wa Barry, utafikiri ni kuhusu ndege kumbe ni vayolini zinakurudia. Ukiwa kimya jiangalie wewe mwenyewe: pumzi unaishika wapi, unaiachia wapi, ni wapi unataka kurudisha nyuma uone tena. Hapo weka alama kwa daftari. Usiandike noti bado.

Alafu chagua. Hiyo sini imebeba nchi nzima, mbuga, makundi ya wanyama, ndege, ziwa, flamingo, watu wawili na mapenzi yao, na kamera inaweza kukupa yote kwa sababu jicho linakula haraka. Gita moja haiwezi, na ikijaribu inakua orodha: hapa swala, hapa maji, hapa ndege, msikilizaji anachoka kabla hujafika ziwani. Mimi ningetupa kila kitu nibaki na viwili, flamingo kuinuka na ule mkono. Hata mbuga ningetupa, na najua inauma.

Tuanze na flamingo. Wewe uko na kitu ambacho mtu wa London hana, unaweza kwenda kuwaona. Waliobaki Nakuru ni wachache kuliko zamani kwa sababu ziwa limejaa miaka hii ya karibuni, maji ya mvua na mito yamepunguza ile magadi, na vile vijimwani wanavyokula vinataka maji makali ya magadi, kwa hivo wengi wamehamia Bogoria na maziwa mengine. Basi panda gari ufike Bogoria ukipata nafasi. Ukifika usiangalie rangi, angalia miguu. Flamingo harukii hewani moja kwa moja hivi, anakimbia kwanza. Anakimbia juu ya maji, miguu inapiga maji tap tap tap tap, mabawa yanapiga, shingo imenyooshwa mbele, na kwa kitambo bado hujui kama atainuka ama hainuki. Alafu miguu inaacha kugusa. Hapo hapo ile sauti ya maji inakatika, na amepaa.

Umeona? Kupaa kunasikika kwa kitu kukosekana. Mlio wa miguu umeisha, basi. Na hicho gita inakiweza vizuri sana, pengine kuliko orkestra.

Wewe ni wa Nakuru lakini uko karibu na magharibi na lazima umesikia omutibo, ile gita ya Waluhya ya miaka ya hamsini na sitini, kina George Mukabi, kidole gumba kinatembea na besi bila kupumzika na kidole cha shahada kinacheza melodi juu, na pembeni mtu anakwaruza chupa ya soda. Wazee wetu waliifanya gita moja isikike kama watu wawili, na siri yote iko kwa gumba. Gumba ndo miguu, gumba ndo ardhi. Msikilizaji akishazoea gumba anasahau liko, kama vile hatusikii tena mvua ya jioni kwa mabati. Na hapo ndo unamnyang'anya.

Fanya hivi. Shusha waya wa sita kutoka E mpaka D, sasa waya wa sita, wa tano na wa nne ukizipiga wazi unapata D, A, D, gumba lako linaweza kutembea hapo juu ya nyuzi wazi na mkono wa kushoto ukawa huru kabisa kwenda juu. Anza na gumba peke yake. Usiweke melodi. Polepole, sawa sawa, kavu kidogo, ukilaza ubavu wa kiganja karibu na daraja la gita ili noti zisilie sana, ziwe kama miguu kwa maji. Ongeza mwendo kidogo kidogo, weka vijinoti viwili vitatu vya shahada juu, vya kuhangaika, sio melodi kamili. Zidisha. Alafu gumba linyamaze. Linyamaze katikati ya hesabu, sio mwisho wa mstari pale msikilizaji anategemea, manake flamingo hangoji mstari uishe. Hapo mkono wa kushoto uwe umeshafika juu ya freti ya saba (freti ni vile vyuma vimelala kwa shingo la gita), cheza kwa nyuzi tatu nyembamba tu, na uache zilie zikiingiliana. Ukitaka ile sauti ya mbali ya kioo, gusa waya juu ya freti ya 12 au ya 7 bila kubonyeza na uinue kidole mara tu ukishapiga. Lakini zisiwe nyingi, zikizidi zinakua mapambo.

Na ukishafika hewani kaa hewani. Hili nalisema kwa nguvu kwa sababu vijana wote ninaowafundisha wanaogopa hapo, gumba linawasha wanarudi chini baada ya sekunde chache. Kaa mpaka msikilizaji aanze kujiuliza ardhi iko wapi.

Sasa hesabu ya dakika. Kama ungekua unatungia filamu yenyewe ungefuata saa: sini ya sekunde 90 kwa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika inakupa mapigo 120, yaani miraba 30 ya mapigo manne manne, na unajua kabisa bawa la kwanza linainuka mraba wa ngapi. Ni ufundi mzuri na watu wanalipwa kwa huo ufundi. Ila wewe hutungii filamu, unatunga kipande kitakachosikika bila picha, na sikio linataka muda tofauti na jicho. Jicho likiona flamingo wakiinuka mara moja limeshiba. Sikio likisikia kitu mara moja tu linafikiri ni bahati mbaya. Kwa hivo kimbiza miguu mara mbili. Mara ya kwanza ikimbie, iongeze mwendo, alafu isiinuke, irudi kutembea. Mara ya pili ndo inyamaze. Kwa filamu hakuna hiyo ya kwanza, wewe uko na ruhusa ya kuiweka, na ukiiweka ile ya pili inakua na uzito mara mbili.

Tufike kwa mkono. Kile kindege ni Gipsy Moth, kina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na rubani anakaa nyuma. Kwa hivo Karen, yule mama, yuko mbele, hamuoni Denys, yule jamaa, hata kidogo. Anapeleka mkono nyuma mahali haoni, na kuna kitambo mkono uko hewani peke yake. Hicho kitambo ndo kimekufanya uniandikie.

Kwa gita: piga waya wa kwanza freti ya pili, hiyo ni F kali (F#). Noti moja. Ngoja. Inapungua, si tulisema kila noti ya gita inapungua? Kabla haijaisha kabisa, piga waya wa tatu freti hiyo hiyo ya pili, A, chini yake. Sasa zinalia pamoja kidogo, alafu zinaisha pamoja. Hivo tu. Lakini usicheze kwa saa, cheza kwa sikio, manake gita yako siku ya baridi inalia tofauti na siku ya joto, ukumbi wa mabati na sebule yenye viti vya sponji si sawa, na lazima kila mara usikilize ile F imebaki kiasi gani ndo ujue jibu liingie lini. Ukiwahi sana, ulikua hata hujauliza. Ukichelewa, mkono umebaki peke yake. Ule udhaifu uliokuudhi kwa melodi ya Barry hapa ndo unabeba sini yote, na vayolini haiwezi kufanya hivyo kirahisi kwa sababu noti ya vayolini haifi mpaka mwenyewe aamue.

Utagundua hizo noti mbili ziko ndani ya kodi ya D (kodi ni noti kadhaa zikilia pamoja), ile ya kawaida unayoijua tangu siku ya kwanza. Waya wa pili freti ya tatu ungeikamilisha. Usiuguse. Ukiujaza inakua kodi ya kumalizia tenzi, watu watasema amina.

Kama gumba lirudi mwishoni ama lisirudi, hilo ni lako. Mimi ningelirudisha, polepole, na mapengo, kama ziwa ambalo lina ndege wachache, kwa sababu wewe unajua kilichotokea kwa hilo ziwa na waliotengeneza muvi mwaka wa 1985 hawakujua. Hicho hakiko kwa filamu na ni haki yako kukiweka.

Ukimaliza, mpigie mtu ambaye hajaiona hiyo muvi na usimwambie jina. Usimuulize kama ameona flamingo, atakubali tu kwa heshima. Muulize ni wapi alihisi kitu kimebadilika. Akitaja pale gumba liliponyamaza, umeshinda, hata akisema alidhani ni gari limezima njiani.

SWALI: Mwalimu, mimi ni dada wa Kondele, nacheza orutu, ile fidla ya Wajaluo ya kuvuta na upinde, nilifundishwa na mjomba. Rafiki yangu anasomea mambo ya filamu na ametengeneza filamu fupi, kuna sini mama amekaa kwa steji ya matatu usiku anamngoja mtu, gari zinakuja zinaenda, hakuna maneno hata moja, dakika karibu mbili. Ameniomba nitunge kitu cha orutu pekee kutokana na hiyo sini, ya kupiga hata kwa jukwaa baadaye. Wajomba wanacheka, wanasema orutu bila mwimbaji ni kama kujiongelesha. Na kweli waya ni mmoja. Dakika mbili nitajaza na nini?
Nyar Kondele

JIBU: Dadangu, nianze na hofu ya ala moja kubeba filamu, hiyo ilishajibiwa kitambo. Mwaka wa 1949 kulitoka filamu ya Carol Reed inaitwa The Third Man, iko Vienna baada ya vita, na muziki wake wote ni zita moja, ala ya nyuzi ya kuweka kwa meza, ikipigwa na Anton Karas ambaye Reed alimkuta akipiga huko huko Vienna kwa baa za mvinyo. Hakuna orkestra. Mwaka uliofuata ile melodi yake iliongoza chati Marekani. Na mwaka wa 1984 Ry Cooder alibeba jangwa lote la Paris, Texas ya Wim Wenders karibu kwa gita ya slaidi pekee, ile ya kutelezesha chuma au kioo juu ya waya, akianzia kwa wimbo ambao Blind Willie Johnson alirekodi mwaka wa 1927, na huyo Johnson kwa wimbo wenyewe hana hata neno, anaguna tu na gita. Wajomba waambie hivo, kwa adabu.

Ila wajomba wamesema kitu cha kweli na usikitupe. Orutu imezoea mwimbaji. Mtu anaimba mstari, orutu inajibu, au orutu inaanza na sauti inafuata, masikio ya mtu yeyote wa huku Nyanza yanajua hiyo zamu, yakisikia mstari wa orutu yanangoja sauti. Sasa wewe uko na sini ya mama anayengoja mtu ambaye haji. Piga mstari wako, ule wa kawaida kabisa wa kuita mwimbaji, alafu uache nafasi yake. Urefu kamili wa mstari wa kuimbwa. Usijaze. Piga tena, acha tena. Msikilizaji wa Kisumu ataelewa kuna mtu hayuko bila kuambiwa na mtu, na hata asiyejua orutu, baada ya mara tatu nne, atakua amejifunza kungoja pamoja na yule mama.

Ni kinyume cha kijana wa Nakuru hapo juu, usichukue ushauri niliompa yeye. Shida ya gita ni noti kufa, shida ya upinde ni noti haitaki kufa, unaweza kuvuta mpaka asubuhi na hapo ndo wachezaji wa orutu wanaharibu sini za kimya, wanavuta wanavuta, inakua kilio kuanzia sekunde ya kwanza, na ukianza na kilio hakuna pa kwenda. Yule mama halii. Anangoja. Bado anaamini gari inayofuata ndo yenyewe. Kwa hivo mstari wa kwanza uwe na furaha kidogo, ya mtu aliyejipanga, na upinde mfupi. Gari ikipita, telezesha kidole kwa waya kuanzia chini kwenda juu na kurudi, orutu inafanya hivyo vizuri kwa sababu waya haubanwi kwa ubao wowote, kidole kinaugusa tu na sauti inateleza bila ngazi. Mara moja au mbili yatosha, usigeuke mwigaji wa matatu. Kinachobadilika polepole ni mstari wenyewe: ukirudi kila mara uutoe noti moja mwishoni. Nafasi ya mwimbaji ibaki na urefu ule ule, mstari ufupike. Kufikia dakika ya pili unaita kwa noti mbili tu na kimya ni kirefu kuliko sauti.

Kuhusu kutunga, kaa na huyo rafiki yako, awashe picha kwa laptopu na wewe ucheze ukiangalia, mara kadhaa, na arekodi zote. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alifanya hivyo Paris, usiku wa tarehe 4 Disemba 1957, filamu ya Louis Malle, Ascenseur pour l'échafaud. Aliingia studio na mipango michache tu ya kodi, sini zikaonyeshwa, mwigizaji Jeanne Moreau akitembea usiku barabarani akimtafuta mwanamume ambaye haji, na Davis na wenzake wanne wakapiga wakiangalia. Tarumbeta yake pale haimwelezi huyo mwanamke, inatembea naye. Wewe pia kaa na huyo mama kwa benchi.

Na usiogope kukipeleka jukwaani bila picha. Hapa kwetu tuna Ayub Ogada, mpiga nyatiti (kinubi cha Wajaluo), aliyefariki mwaka wa 2019 Nyahera, hapo juu tu ya mji. Wimbo wake Kothbiro ulikua kwa albamu tangu 1993, na nyatiti yake ilikua imeshasafiri dunia kabla filamu ya The Constant Gardener kuuchukua huo wimbo mwaka wa 2005. Filamu ndo ilikuja kutafuta wimbo. Na kijana wa Section 58 aangalie vizuri ile Out of Africa yake, Ogada yuko ndani, aliigiza kwa jina la Job Seda.

SWALI: Mwalimu, natunga kwa kinanda kutoka kwa sini za muvi ninazopenda. Je naweza kushtakiwa? Na nikiweka video ya hiyo sini yutubu na muziki wangu juu yake? Ukiandika kitu hapa Kenya unakilinda vipi?
Msomaji, Kakamega

JIBU: Kupata wazo kutoka kwa sini si kosa. Sheria ya hakimiliki yetu, ile ya 2001, inalinda kazi yenyewe, haimiliki wazo la mwanamke kunyoosha mkono ndani ya ndege. Unachokatazwa ni kuchukua melodi ya mwenyewe. Muziki kwa sheria ya Kenya unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. John Barry alifariki 2011, kwa hivo mpaka mwisho wa 2061 melodi zake bado zina mwenyewe, na ukibadilisha noti tatu nne hujatoroka.

Video ni mambo mengine. Picha za filamu zina mwenyewe pia, ukiondoa sauti yao ukaweka yako bado umetumia picha zao, na unahitaji idhini. Mashine za yutubu zinakamata haraka lakini hata zisipokamata jibu ni lile lile. Piga muziki wako peke yake, andika kwa maelezo kwamba umetokana na sini fulani, watu wataenda kuitafuta wenyewe. Ama shirikiana na mtu kama rafiki ya Nyar Kondele, mwenye picha zake.

Kazi yako inalindwa kuanzia siku imewekwa mahali, imeandikwa ama imerekodiwa, ikiwa kichwani peke yake bado. Kusajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, sio ndo kunakupa haki, haki unayo tayari, ila inakupa ushahidi siku mtu akibishana, na inafanyika kwa mtandao, si lazima uende Nairobi. Fanya. Naona vipaji vingi huku magharibi vikichukuliwa kwa sababu hakuna hata rekodi ya simu yenye tarehe.

SWALI: Mimi nafundisha Bungoma na napiga litungu, kile kinubi cha Wabukusu. Nimetunga kipande kutokana na sini ya mazishi niliyoona kwa filamu. Kusoma noti sijui. Nitafute mtu aniandikie ama nirekodi kwa simu tu?
Mwalimu mwenzako

JIBU: Rekodi kwanza mwalimu, leo ikiwezekana. Noti za karatasi zitakuja, lakini litungu tunalityuni kwa sauti ya mwenyewe na si kwa kinanda, na mtu akikuandikia haraka ataisukuma ile tyuni iingie kwa noti za kinanda ndo akae vizuri kwa mistari, na hapo utapoteza ladha yote ya mazishi. Rekodi ikiwepo hata aandike vibaya kuna pa kurudi.

Chumba cha kulala ndo studio, kitanda na nguo zinameza mwangwi. Asubuhi mapema kabla ya boda na kabla ya jua kuanza kupasua mabati. Simu iweke hali ya ndegeni, iegemeze kwa kitabu, umbali wa mkono mmoja, kimo cha ngozi ya litungu na sio mbele yake kabisa, geuza kidogo upande. Kama programu inakuruhusu kuchagua, chagua wav, aina ya faili isiyobana sauti. Mwanzo kabisa piga kila waya peke yake, kutoka mnene mpaka mwembamba, usicheze kitu, ili yeyote atakayesikia baadaye ajue ulikua umetyuni vipi. Sema jina lako, jina la kipande na tarehe. Alafu ucheze chote bila kusimama hata ukikosea.

Ya pili irekodi ukicheza polepole, mkono wa kulia pekee, kisha wa kushoto pekee. Hiyo ndo utampatia wa kuandika.